Kwa Mnaoanza Kukusanya Vielelezo vya Mimea

Wadogo zangu wa hebaria, hifadhi yetu ya mimea iliyokaushwa, nimefungua magazeti mliyokaushia mimea ya safari ya Pwani na nimekuta, kwa mara nyingine, mvinje umewekwa katika fungu la misonobari. Yasomeni haya kabla hamjaandika lebo nyingine.

1. Umbo la mmea hueleza mazingira yake zaidi ya ukoo wake. Mpungate, wenye asili ya bara la Amerika, na yuforbia za nyika zetu zote huhifadhi maji katika shina nene, ilhali maua yao hayana udugu wa karibu. Utomvu mweupe wa yuforbia usifike machoni.

2. Mvinje. Nilipokuwa mgeni kama ninyi, niliona sindano, nikaona koni, nikaandika “mbegu wazi”, yaani mmea usio na maua ambao mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda, kwa wino usiofutika, kisha nikawahutubia wanafunzi waliotutembelea kuhusu msonobari uliozoea chumvi na mchanga. Mzee aliyetusimamia aliniacha nimalize, akanipa lenzi na kuniagiza niivute ile “sindano”. Ilikatika penye kiungo, kwa kuwa haikuwa jani bali kitawi cha kijani chenye pingili. Majani yenyewe yalikuwa meno madogo yaliyozunguka kila kiungo, na udogo huo ndio unaopunguza upotevu wa maji katika upepo wa bahari. Koni nayo ilikuwa fungu la matunda lililokomaa likawa gumu, na kila tunda lilikuwa na bawa lake. Mvinje hutoa maua, na kwa nasaba uko karibu na mwaloni kuliko msonobari. Wanafunzi walicheka kwa adabu, na kicheko cha adabu kinauma kuliko cha wazi.

3. Podo hudanganya kinyume chake: jani lake ni bapa na mbegu yake hufanana na tunda, lakini hauna ua. Mtapo, mmea wa mbegu wazi wenye majani kama ya mnazi, vilevile si mnazi wala kangaga. Una mti dume na mti jike, basi andikeni jinsia.

4. Madoa ya kahawia chini ya jani la kangaga si ugonjwa, ni vifuko vya spora, chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo. Aliyeyakwangua “kusafisha” kielelezo anajijua.

5. Nyasi za baharini huchanua chini ya maji. Mwani hauna ua, mzizi wala mbegu, kwa hiyo msivichanganye. Na magazeti hubadilishwa kila siku, hata Jumapili.