Ndege ananifuata kwenye mizinga lakini hali mtama: nimzoeshe vipi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafuga nyuki Sikonge, mkoani Tabora. Kila nikienda kukagua mizinga kuna ndege mdogo wa kijivujivu ananijia kwa kelele, anaruka mti hadi mti. Nimempenda kweli. Nimemrushia mtama, chenga za mchele, hata ugali, hagusi. Nifanyeje tuzoeane?

JIBU: Marahaba. Kwa maelezo yako huyo ni mlembe, na mtama unamrushia bure. Yeye hula nta, majana (watoto wachanga wa nyuki) na wadudu. Nta ndege wengi hawaiwezi, yeye anaimeng'enya. Mtazame akiruka: mkiani pembeni utaona weupe. Dume aliyekomaa ana koo jeusi na mdomo wa waridi. Zile kelele, kama kiberiti kinachotikiswa, ni wito. Akitua, akakungoja umkaribie ndipo aruke tena, anakupeleka kwenye nyuki.

Ukirina, mwachie kipande cha sega lenye majana juu ya gogo, mahali pa wazi, kisha ondoka. Atashuka ukishampa nafasi.

La pili ni sauti, na hapa ndipo wengi hawatilii maanani. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 kutoka Niassa, Msumbiji, ulionyesha kuwa mlio wa jadi wa warina asali wa Kiyao, "brrr-hm", uliinua uwezekano wa kuongozwa hadi kwenye nyuki kutoka asilimia 17 hadi 54. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba ndege wa huku kwetu, kwa Wahadzabe, huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mlio huo wa Wayao. Kwa hiyo usibuni wa kwako. Waulize wazee wa Sikonge walikuwa wakimwitaje, uushike huohuo.

Husemwa usipomlipa, safari ijayo atakupeleka kwa chui. Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuifukia nta ili abaki na njaa aendelee kuongoza, na chui hawaletewi! Lakini wewe unatafuta urafiki, mlipe.

Usimtie tunduni. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kisheria, na akiwa kifungoni hana pa kukuongoza. Tena angalia: anaweza kukufikisha kwenye mzinga wa jirani. Hapo usiwashe moshi kabla hujaongea na mwenyewe.