Pasi ya mpinzani wangu wa kulia

Kama unajifunza briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, nakuomba kitu kimoja: mnada, yaani matamko ya kuwania mkataba, ukiisha, usiusahau. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa nikishapata mkataba nazikazia macho karata 26 ninazoziona, zangu na za mwenzangu zilizofunuliwa mezani, kisha nabahatisha zile 26 nyingine. Mkataba mmoja wa shupaza 4, yaani ahadi ya kula mizunguko 10 kati ya 13 shupaza zikiwa turufu, ndio ulionibadilisha.

Mpinzani wa kulia kwangu ndiye aliyegawa, akasema pasi, yaani akapitisha zamu bila kutoa dau. Nikafungua mnada kwa shupaza 1, mwenzangu akaniunga mkono, tukafika 4. Shupaza tulikuwa nazo 10: mimi nina ree, yeye ana malkia na ghulamu. Waliobaki nazo wapinzani ni tatu tu, yaani mfalme, 3 na 2. Kopa ndiyo iliyotuumiza. Yule wa kulia alikula mizunguko mitatu mfululizo, kwa malkia, mfalme na ree, kisha akatoa ghulamu wa uru. Nikala kwa mfalme wa mezani. Kuanzia hapo sikuruhusiwa kupoteza hata mzunguko mmoja zaidi.

Nikafanya nilivyozoea. Nilitoa malkia wa shupaza mezani, kulia akaweka ndogo, nami nikazuia ree yangu nikitumaini mfalme yuko kwake. Wa kushoto akamla malkia kwa mfalme, naye ndiye shupaza pekee aliyokuwa nayo. Mkataba ukavunjika.

Iliniuma, kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Katika kukadiria nguvu ya karata, ree ni pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Wa kulia alishaonyesha pointi 10. Ukimpa na mfalme wa shupaza anakuwa na 13, na mwenye 13 hasemi pasi, anafungua. Basi mfalme alikuwa kushoto, na tumaini langu pekee lilikuwa kupiga ree ili aanguke. Angeanguka.

Siku hizi, kabla ya kugusa karata ya kwanza ya mezani, najiuliza nani alisema na nani alinyamaza wakati alikuwa na nafasi ya kusema. Tamko nisilolielewa naliuliza. Sheria zinaruhusu, usione haya. Aliyefungua kwa kopa 3 kwa kawaida ana kopa 7, hivyo amebakiwa na nafasi 6 tu za karata nyingine. Malkia wa turufu unayemsaka, mtafute kwanza kwa mwenzake, mwenye nafasi nyingi zaidi.