Wimbo wa Elvis harusini: tuhesabu sita au nne?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Bendi yetu hupiga kwenye harusi. Juzi bibi harusi aliomba "Can't Help Falling in Love". Mpiga drams akaanza kirege kama bendi ya UB40, mwimbaji akaingia kama Elvis, tukapishana mbele za watu. Toleo lipi ndilo sahihi? Na ni kweli asili yake ni Ufaransa?

JIBU: Marahaba. Yote mawili ni sahihi, ila hayachanganyiki. Elvis aliurekodi Machi 1961 kwa ajili ya filamu ya Blue Hawaii, kwa mapigo ya 6/8: mnahesabu moja hadi sita, mkikazia moja na nne. UB40 wa Birmingham walipourudia mwaka 1993 waliugeuza 4/4, yaani mnahesabu moja hadi nne, gitaa likikata pigo la pili na la nne. Kiongozi ahesabu kwa sauti kabla ya noti ya kwanza, basi.

Ufaransa, ndiyo. Tuni ya beti imetoka kwenye "Plaisir d'amour" ya mwaka 1784, kazi ya Martini, Mjerumani aliyehamia Ufaransa na kujiita jina la Kiitaliano. Nao ni wa 6/8, kwa hiyo ule mbembeo wa Elvis ni wa kurithi. Maneno yake, ya mshairi Florian, yanasema raha ya mapenzi ni ya kitambo tu, uchungu wake ni wa maisha. Huo msiuimbe mbele ya keki!

Panapoangusha bendi nyingi ni katikati. Mkiwa kwenye ngazi ya D, kodi (chords) za beti huanza D, F#m, Bm, G, D, A, hakuna shida. Katikati F#m na C#7 zinapokezana, na C#7 ina F na G#, noti zisizomo kwenye ngazi ya D. Mpiga besi akijitungia hapo kwa mazoea, mtasikika mmepotea. Mlango wa kutokea ni B7, Em, A7, kisha D.

Elvis alifungia maonyesho yake kwa wimbo huu hadi la mwisho, Indianapolis, Juni 1977. Kwenye chati ya Marekani toleo lake liliishia namba mbili. UB40 wakakaa namba moja wiki saba. Mashabiki wa Sunderland nao huuimba uwanjani.

Mimi ningempa bibi harusi ule wa Elvis, wa UB40 nikauweka wakati wa kutunza. Kurekodi ni habari nyingine: tuni ya Martini ni huru, lakini wimbo wa 1961 una wenyewe, ombeni kibali kwanza.