Lori kugoma kuwaka asubuhi ya baridi: pima kwanza, betri baadaye

Mkuu, nimekuelewa hivi: lori la volti 24, mchana linawaka bila shida, asubuhi ya baridi kali selfu inazunguka kwa kujivuta na mwisho inabaki tka-tka-tka. Umebadilisha betri moja kati ya mbili, hali ni ileile, na sasa unauliza ununue betri yenye nguvu kiasi gani. Usinunue kitu bado. Nimefanya ufundi umeme wa malori muda mrefu, kazi nyingi zikiwa za msimu wa baridi, na betri nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa mbovu ni nzima kabisa. Ama hazijawahi kujaa chaji, ama zimefungwa kwenye nyaya mbovu.

Elewa kwanza baridi inafanya nini. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri ya asidi iliyojaa hubaki na kama asilimia 40 tu ya nguvu yake ya kuzungusha injini. Wakati huohuo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo betri iliyochoka au waya ulioliwa na kutu ambao ulitembea nao msimu mzima wa joto bila kujua, baridi inaufichua siku moja. Halafu dizeli haina plagi ya cheche, inawashwa na joto la mgandamizo. Injini ikizunguka polepole, hewa inavuja kupita kwenye ringi na joto linaishia kwenye kuta za silinda, basi hata ikizunguka haishiki.

Angalia pia inagoma vipi. Ikizunguka kwa kasi nzuri na bomba likatoa moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui: tazama plagi za joto au hita ya hewa. Ikizunguka vizuri bila moshi wowote, dizeli haifiki, na kwenye baridi mtuhumiwa wa kwanza ni nta ya dizeli iliyoganda na kuziba filta. Kwenye injini za kisasa kuna la tatu: volti zinashuka sana wakati wa kupiga selfu mpaka kompyuta ya injini inazima, na nozeli hazipigi hata tone. Wewe selfu yenyewe inajivuta, kwa hiyo tuko kwenye umeme.

Chaji betri zote mbili zijae, ziachanishe, zipumzike saa kadhaa, kisha pima kila moja peke yake. Volti 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu. Nasisitiza peke yake, kwa sababu moja ikiwa na 12.8 na nyingine 12.0, jumla ni 24.8 na utadhani mambo si mabaya sana.

Hapa ndipo ninapokushuku, mkuu. Malori mengi ya volti 24 yamefungwa redio au chaja ya simu inayokula kwenye betri moja tu ili kupata volti 12. Hiyo betri inashuka kila siku kuliko mwenzake. Alternata haijui hilo, inaona jumla tu. Ikitoa volti 28.2, unaweza kukuta betri iliyojaa inapewa 15 na inachemka maji, huku ile dhaifu inapewa 13.2 na haijai kamwe. Ukiweka betri mpya pembeni ya kuukuu, unatengeneza tatizo hilohilo kwa mkono wako, maana hazipokei chaji sawa. Betri za jozi hubadilishwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Redio iwekee konveta ya 24 kwenda 12, au funga kisawazisha betri.

Kipimo cha pili ndicho mafundi wengi wanakiruka. Kata dizeli ili injini isiwake, mtu apige selfu sekunde chache, wewe shika mita. Kwanza kwenye betri zenyewe: zikiwa zimejaa na bado jumla inashuka chini ya volti 19 hivi, ama kuna betri dhaifu, ama selfu inavuta kupita kiasi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya risasi ya chanya (nguzo yenyewe, si kibano) na nyingine kwenye boliti ya waya mkubwa wa selfu. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka nguzo ya betri hadi bodi ya selfu. Niliwahi kuletewa tipa ambalo mwenyewe alikuwa amenunua jozi mbili za betri ndani ya msimu mmoja. Chasisi ilikuwa imepakwa rangi, na waya wa ethi ukafungwa juu ya rangi. Msasa na boliti moja vilimaliza kesi.

Vipimo vikisema kweli betri ni mbovu, ndiyo tuje kwenye kuchagua. CCA iliyoandikwa kwenye betri, kwa kipimo cha Marekani cha SAE, ni ampea inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Kipimo cha Ulaya kina masharti mengine, kwa hiyo usilinganishe namba bila kuangalia herufi zilizo pembeni yake. Anza na kiwango cha mtengenezaji wa injini, usishuke chini yake.

Ila kukimbilia CCA kubwa kuliko zote ni kosa, kwa maoni yangu. Namba hiyo kwa kawaida inapatikana kwa kuweka bamba nyembamba nyingi, na bamba nyembamba hazipendi kuisha chaji mara kwa mara. Jiulize lori likizimwa nini kinaendelea kula umeme. Kama unalala ndani na hita ya kebini, friji na taa, chukua AGM (betri ya asidi iliyofungwa, asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), au bora zaidi tenga betri za kulalia na za kuwashia. AGM inavumilia mtikisiko na inapokea chaji haraka, lakini hakikisha alternata haipitishi kipimo cha mtengenezaji, maana ikikauka huwezi kuiongeza maji. Kama lori linalala kwenye yadi yenye chaja, betri ya maji ya kawaida inatosha na usidanganywe. Lithiamu isiyo na hita ndani yake sishauri, haitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri. Na soma tarehe ya kutengenezwa, betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila chaji si mpya.

Mambo mawili ya hatari. Betri iliyoisha inaweza kuganda kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri au hata kabla, wakati iliyojaa inavumilia hata nyuzi 50 chini ya sifuri. Ukiikuta imevimba, usiibusti wala kuichaji, inaweza kulipuka. Pili, usipulizie etha (dawa ya kopo ya kusaidia injini kuwaka) injini yenye plagi za joto au hita ya hewa.

Selfu usiikandamize zaidi ya sekunde 30, iache ipoe dakika mbili. Hita ya injini ya kuchomeka kwenye umeme ukiweza kuipata itakusaidia kuliko betri yoyote.

Ukishapima, andika hapa volti za kila betri, jumla wakati wa kupiga selfu, na upotevu wa kila upande, nikuambie cha kubadilisha.