Mbu 180 kwetu, 96 kwa jirani: wapi wamezidi?

SWALI: Asalaam aleykum. Shehia yetu tulitega mitego 4 ya taa kwa usiku 5, tukapata mbu 180. Mitego 2 ilizima betri usiku mmoja, ikakutwa mitupu. Jirani walitega 2 kwa usiku 3, wakapata 71, 9, 6, 5, 3 na 2, jumla 96. Ile 71 ni nyumba iliyo ukingoni mwa bonde la mpunga. Je, kwetu ndiko kwenye mbu wengi?
Msomaji, Micheweni

JIBU: Waaleykum salaam. Jumla peke yake haisemi kitu. Kipimo ni mtego mmoja uliowaka usiku mmoja. Kwenu ni 20, mkitoa 2 iliyozima ni 18, basi wastani ni mbu 10. Kwa jirani, 96 kwa 6 ni 16. Mtego uliowaka mpaka asubuhi bila kunasa huandikwa 0 na huhesabiwa. Uliozima huandikwa "umeharibika" na huachwa. Wengi huchanganya hapa, na hesabu nzima hupotea.

Lakini hiyo 16 msiishike sana, maana nyumba moja ya bondeni imeibeba. Ongezeni 1 kwa kila namba, zidisheni zote, tafuteni kipeuo cha sita cha jibu, kisha toeni 1. Mtapata 7.4 hivi. Zile namba zenu 18 zifanyieni vivyo hivyo, kwa kipeuo cha 18, ndipo mlinganishe. Na 71 msiifute: ni mbu wa kweli, na inaonyesha pa kuanzia kazi.

Mtego uning'inie kama mita 1.5 kutoka sakafuni, upande wa miguuni mwa kitanda, mtu akiwa amelala ndani ya chandarua, tangu saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Asubuhi fungeni mfuko kwanza ndipo mzime feni, la sivyo mbu hutoka. Kamba ipakeni grisi. Sisimizi wakipanda watakula mbu na kukuachieni mbawa tu.

Tena hesabuni kila aina mbali. Kuleksi, mbu wa kwenye makaro ya maji machafu, wanaweza kujaza mfuko na anofelesi, mbu wa malaria, wakawa wachache mno. Anofelesi wa kundi la gambiae (gambiae wenyewe, arabiensis na merus) hawatofautishiki kwa macho: wawekeni kwenye vichupa vikavu vyenye silika (chembe za kunyonya unyevu), kila mmoja na namba yake, maabara ipime vinasaba.