Mtani wa mpira anapofiwa

Barua za safari hii zimegongana kwenye jambo moja: upande wa pili umepata msiba, nasi ni wapinzani wao wa damu. Tufanye nini?

*Mimi ni admini wa grupu la WhatsApp lenye mashabiki wa Man United na Liverpool. Kila Februari kuna wanaorusha stika za ndege ya abiria, na wenzao hujibu kwa namba 97. Nusu ya wanaocheka hawajui hata maana yake. Niwatoe?* (Msomaji, Mwanza)

Anza kwa kufuta, kisha eleza. Kumtoa mtu iwe hatua ya mwisho. Ukisha kufuta stika, angalia pia majibu yaliyoinukuu, maana kipande chake hubaki humo.

Halafu bandika ujumbe mmoja juu ya grupu. Ndege ni ya ajali ya Munich, Ujerumani, Februari 6, 1958. United walikuwa wakirudi kutoka Belgrade, ndege ikajaribu kuruka mara ya tatu kwenye njia ya kurukia yenye theluji iliyoyeyuka, ikashindwa. Walikufa watu 23, wanane kati yao wachezaji. Ile 97 ni ya uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Aprili 15, 1989: mashabiki wa Liverpool waliokwenda kutazama nusu fainali wakabanwa kwenye jukwaa la kusimama. Majeruhi mmoja alifariki mwaka 2021, idadi ya waliokufa ikafika 97. Kinachochoma zaidi katika namba hiyo ni kwamba kwa miaka mingi marehemu na wenzao walisingiziwa kuwa walijisababishia wenyewe. Uchunguzi wa vifo uliomalizika 2016 uliamua kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba tabia ya mashabiki haikuchangia.

Anayerudia baada ya kujua, mwonye inboksi mara moja. Akirudia tena, mtoe kwa wiki. Siku yenyewe ya kumbukumbu funga grupu, admini peke yao waandike. Usibishane naye mbele ya watu, kwa sababu kila jibu linairudisha ile picha juu.

*Sisi Watanzania hutaniana hata msibani. Mtani anaweza kuigiza marehemu alivyotembea, na wafiwa wanacheka. Simba na Yanga ni watani wa jadi. Kwa nini mpira uwekewe masharti ambayo mila haikuweka?* (Msomaji, Morogoro)

Swali hili ndilo bora kuliko yote tuliyopokea, lakini umeitaja nusu ya mila. Mtani wa kweli, Mzaramo kwa Mnyamwezi au Mhehe kwa Mngoni, anapofika msibani hafiki na mdomo mtupu. Anachimba kaburi, anabeba jeneza, anapika, anachota maji. Akizuia jeneza mlangoni mpaka apewe chochote, wafiwa wanamjua ni nani na ukoo wake uliwahi kuwazikia nani. Haki ya kutania inatokana na kazi hiyo, tena inatumika pale pale uani, mbele ya wafiwa, ambao nao kesho watakuja kwake kulipiza.

Shabiki anayechora jeneza la mpinzani akiwa kochini, kilomita mia tatu kutoka msibani, hajabeba hata ndoo. Hana haki ya mtani, ana simu tu. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba masharti yapo kwenye mila yenyewe. Ukitaka kutania msiba wa mtani wako wa mpira, nenda kwanza ukazike. Wengi wakishafika huko hamu ya kutania huwaisha, na wachache wenye kipaji huwachekesha wafiwa kweli.

*Ligi yetu ya mtaani ina timu mbili zisizopikika chungu kimoja. Wapinzani wetu wamepoteza wachezaji wawili kwa ajali, na mechi yetu nao ni Jumapili ijayo. Tunataka kuwapa heshima lakini tunaogopa kuharibu.* (Kamati ya timu, Tanga)

Kama maziko bado, ahirisheni mechi, msitafute njia nyingine. Kama yamepita, waulizeni wafiwa wanataka nini kabla ya kupanga lolote. Kuna familia itakayopendelea dua fupi ya shekhe au sala ya mchungaji kuliko kusimama kimya. Wapeni wao uamuzi.

Vitambaa vyeusi: timu mbili pamoja na akiba, mabenchi na waamuzi hawazidi watu 50. Kitambaa cha upana wa mita 1.5, ukinunua mita moja, kinatoa vipande 60 vya sentimeta 5 kwa 45. Shoneni lastiki au fungeni fundo. Msitumie pini, mwamuzi makini atazikataa kwa sababu zinaweza kumchoma mchezaji.

Tangazo liandikwe, lisizidi sentensi nne: nani wamefariki, ni wa timu gani, tunasimama dakika moja, filimbi ya kwanza inaanza na ya pili inamaliza. Majina yasomwe mbele ya ndugu mmoja siku moja kabla, kwa sababu jina likikosewa uwanjani halisahauliki. Mtangazaji akimaliza azime kipaza sauti. Mara nyingi kinachovuruga ukimya si wahuni, ni DJ aliyesahau muziki wa chini, au MC anayeendelea kusema “kimya jamani, kimya” mpaka dakika inaisha.

Wachezaji wasisimame kila timu nusu yake. Wazunguke duara la kati wakiwa wamechanganyika, mmoja wao mmoja wenu. Shada la maua abebe nahodha wenu, ampe nahodha wao. Mwenyekiti na diwani wabaki jukwaani (watakasirika, lakini picha ya siku hiyo si yao). Ngoma na vuvuzela zikusanywe kwa kiongozi wa ushangiliaji kabla ya timu kutoka, na kiongozi huyo asimame mbele ya watu wake akiwa amewaelekea. Watu humfuata anayewaongoza kila wiki kuliko sauti ya spika.

Geti lisifungwe. Waliochelewa wakisikia uwanja umenyamaza hudhani mechi inaanza na husukumana. Nairobi, Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa kwa msongamano uwanja wa Nyayo kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, kwa hiyo hili si la kupuuza. Anzeni shughuli dakika kumi kabla ya muda wa mechi, watu wakiwa wanaingia taratibu.

Mwamuzi ahesabu sekunde 60 kamili. Mtu mmoja akipiga kelele sekunde ya 15, asikatishe. Kelele ikiwa ya kundi zima, apulize na mechi ianze. Hilo mkubaliane naye mapema. Mkihofia kabisa, makofi ya dakika moja ni salama zaidi, kwa kuwa matusi humezwa na makofi. Rambirambi iwekwe kwenye bahasha yenye orodha, ikabidhiwe familia mbele ya mashahidi wawili, isipitie kwa kiongozi wa timu yoyote.

Mkiwa na nguvu, mwezi unaofuata changanyeni timu moja icheze na kombaini ya wilaya. Glasgow walifanya hivyo Januari 1971, wiki chache baada ya watu 66 kufa kwenye ngazi za Ibrox, uwanja wa Rangers, siku walipocheza na Celtic. Wachezaji wa timu hizo mbili, ambazo hata dini ziliwatenganisha, waliungana dhidi ya kikosi cha Scotland kwenye uwanja wa Hampden, na mapato yakaenda kwa wafiwa.

*Tukiomba radhi wakakataa?* (Msomaji, Mombasa)

Waacheni wakatae. Aprili 2005 Liverpool waliikaribisha Juventus kwa mara ya kwanza tangu Heysel, uwanja wa Brussels, ambako Mei 29, 1985 mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus na walikufa watu 39, wengi wao mashabiki wa Juventus. Jukwaa la Kop liliinua kadi zilizoandika neno la Kitaliano la urafiki. Baadhi ya Waitaliano walipiga makofi, wengi wakageuka na kuwapa mgongo. Anayekataliwa hivyo hapaswi kuzomea.

*Naenda kutazama mechi Uingereza. Ni kweli unaweza kushtakiwa kwa wimbo tu?* (Msomaji, Zanzibar)

Kweli. Kuimba, ishara ya mikono, hata maandishi kwenye jezi. Kwenye fainali ya Kombe la FA ya Juni 2023 mtu mmoja alivaa jezi iliyokejeli vifo vya Hillsborough. Alitozwa faini ya pauni 1,000 na kufungiwa viwanja miaka minne.

*Utani urudi lini?* (Msomaji, Dodoma)

Filimbi ya kuanza mechi ikilia. Februari 10, 2008, miaka 50 ya Munich, Manchester City walikwenda Old Trafford, uwanja wa United. Baadhi ya mashabiki wao walikuwa wameomba makofi badala ya ukimya, wakihofia wenzao watavuruga. Katika ajali ile City nao walikuwa na maiti yao: Frank Swift, kipa wao wa zamani, aliyekuwa safarini kama mwandishi wa habari. Walinyamaza dakika nzima. Kisha wakaifunga United 2-1, kwake, na wakashangilia kama kawaida.