Górecki: usianze na simfonia nzima

Ndugu, umesema ulijaribu Simfonia ya 3 (kazi ndefu ya okestra) ya Henryk Górecki, mtunzi wa muziki wa Poland, ukasinzia dakika ya 10, na unauliza kama uachane naye. Usimwache, ila mlango ulioingilia ndio mzito. Sehemu ya 1 huanza na besi (fidla kubwa za sauti nzito) peke yake, chini kabisa, kisha ala nyingine za nyuzi zinaingia moja moja. Ukiisikiliza kwa spika ya simu huambulii kitu, tafuta hedifoni.

Anza na sehemu ya 2, haizidi sana dakika 10. Maneno yake yaliandikwa mwaka 1944 na binti wa miaka 18 kwenye ukuta wa seli ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, huko Zakopane, Poland, akimsihi mama yake asilie. Ukijua hilo, sauti ya soprano, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, haitakuacha usinzie. Górecki mwenyewe alifiwa na mama akiwa mdogo mno, na simfonia hii ya 1976 imejaa akina mama na watoto.

Ukitaka kuchangamka, kuna konseto yake ya 1980, kazi ya okestra na harpsikodi (ala ya kale inayofanana na piano): fupi, ya kasi, karibu ya utani. Mimi ndiyo ninayoirudia zaidi.